Deni la Kicheko

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufundishwa shuleni mapema sana, na mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba mtu afanyaye jambo jema nyumbani kwao hupata zawadi. Jibu hilo si baya, lakini ni jepesi. Methali haisemi kwamba mcheza kwao hushangiliwa, wala haisemi kwamba huliliwa. Inasema hutunzwa, na neno hilo lina maana mbili zinazoshikana: kumpa mchezaji tuzo palepale uwanjani, na kumhifadhi mtu ili asiharibikiwe. Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali moja la maadili linalotokana na methali hiyo. Je, watu waliochekeshwa wana deni kwa yule aliyewachekesha? Na ikiwa deni lipo, hulipwa kwa kitu gani, na hulipwa lini?

Huenda msomaji akaona kwamba swali hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Deni tulilo nalo kwa mkulima twalijua, kwa kuwa tunakula alicholima; na deni tulilo nalo kwa mwashi twalijua, kwa kuwa tunalala ndani ya nyumba aliyoijenga. Kicheko, kwa upande wake, hakipimwi kwa debe wala hakiwekwi ghalani. Kikishatoka kinywani kimekwisha. Ni rahisi basi kudhani kwamba kitu kilichokwisha namna hiyo hakikuwa kazi ya mtu, bali kilikuja chenyewe kama upepo wa jioni. Dhana hiyo ndiyo tunayotaka kuipinga.

Tuchukue mfano wa Amri Athumani, ambaye Watanzania wengi walimjua kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto mnamo mwaka 1958, na akaendelea na kazi hiyo kwa takriban miaka 60. Alianzia kwenye jukwaa, akaingia katika kanda za video, kisha katika televisheni na matangazo ya biashara. Alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akiwa na umri wa miaka 70, na akazikwa kwao Tanga.

Mzee huyu alikuwa mtu wa pekee katika sanaa yake. Hakuwa kijana mtanashati anayegombaniwa na mabinti wa matajiri. Yeye alichagua kuwa yule ambaye hakuna mtu anayetaka kufanana naye: mzee mlafi, mzee mwoga, mzee mwenye maneno mengi anayejiona mjanja mpaka ujanja wake mwenyewe ukamnasa. Alitumia macho, sauti, mwendo na mavazi yasiyolingana, hata mtu aliyetazama bila kusikia neno lolote aliweza kucheka. Tena tukumbuke kwamba filamu nyingi za vichekesho za aina hiyo hazikuwa na maandishi kamili. Waigizaji walielezwa kisa kwa ufupi, kisha maneno wakayatunga wenyewe mbele ya kamera. Maana yake ni kwamba mwigizaji wa namna hiyo ni mtunzi pia. Mtu akiinunua filamu yake hununua sura ya mwigizaji na akili yake kwa pamoja.

Inafaa tujiulize kazi ya mtu wa namna hiyo katika jamii ni ipi. Kila jamii inajua ulafi, inajua woga, na inajua uongo wa wazee unaofichwa nyuma ya mvi. Lakini si kila mtu anaweza kuambiwa makosa yake usoni. Mchekeshaji huyachukua makosa yetu, akayavaa yeye mwenyewe mbele ya watu wote, nasi tukacheka tukidhani tunamcheka yeye. Baadaye, njiani kurudi nyumbani, mmoja wetu hukumbuka kwamba jana naye alificha nyama mgeni alipobisha hodi. Mchekeshaji amekubali kuonekana mpumbavu ili sisi tupate nafasi ya kujisahihisha bila kufedheheshwa. Huo ni utumishi, tena utumishi wenye gharama, kwa sababu yuko mtu atakayemdharau akidhani kwamba upumbavu ule ni tabia yake.

Historia ya filamu katika nchi yetu yatuonyesha kwamba si kila kicheko kina heshima hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakati wa ukoloni, palianzishwa mpango wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Katika filamu za kikoloni za miaka hiyo na ya baadaye, mtindo uliopendwa ulikuwa kuwaweka watu wawili pamoja: mmoja mwenye busara na mwingine mpumbavu. Mwenye busara alikuwa yule aliyefuata maagizo ya serikali. Mpumbavu alikuwa yule aliyeshikilia mambo ya kwao. Mtazamaji alitakiwa kumcheka jirani yake, na pengine kumcheka baba yake mzazi. Kicheko cha aina hiyo kilitengenezwa na mtu aliyesimama nje ya kijiji na kukitazama kutoka juu.

Hata hivyo, ndani ya filamu za kipindi hicho mlitokea mtu ambaye maisha yake yanatupa fundisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, akiwa mtumishi katika idara ya maendeleo ya jamii, alikuwa mwigizaji mashuhuri wa filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Baadaye aliongoza chama cha wafanyakazi, na mwezi Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wanaosema kwamba uigizaji ni kazi ya watu wasio na kazi wafikirie jambo hilo. Mtu yule yule aliyesimama mbele ya kamera akawachekesha na kuwafunza watu ndiye aliyekabidhiwa shughuli za serikali. Akili ni ile ile, na jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa na namna ilivyolipwa.

Ili tulione vizuri deni tunalolizungumzia, yafaa tutoke kwenye filamu kwa muda, twende mahali ambapo sanaa hufanywa uso kwa uso. Tuende Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki ya mji wa Dodoma, iliyokuwa nchi ya Mtemi Mazengo. Hii ni nchi kame. Mvua yake ni chache, huanza mnamo Desemba na kwisha Aprili, na mazao yake makuu ni mtama na uwele kwa kuwa ndiyo yanayovumilia. Katika nchi ya namna hiyo mtu hatoi chakula ovyo. Akitoa bakuli la uji au kibuyu cha pombe ya mtama, ametoa kitu ambacho amekipima moyoni.

Wagogo ni watu wa muziki mkubwa. Wanawake hupiga ngoma ya muheme, ngoma ikiwa imeshikwa katikati ya miguu. Watu huimba nindo kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana tena. Na wapo mafundi wa zeze na marimba. Katika ngoma kama hizo tunaona mambo matatu. Kwanza, mchezaji na mtazamaji wanaonana. Mcheza akikosea, anajua papo hapo. Mtazamaji akifurahi, uso wake wasema. Pili, nafasi hubadilishana: anayepiga makofi leo ndiye atakayecheza kesho kwenye shughuli ya jirani. Tatu, mwenye shughuli anajua kwamba walioichangamsha shughuli yake hawawezi kuondoka na njaa. Huandaliwa ugali na mlenda, huandaliwa kinywaji, na mwenye uwezo hutoa zaidi. Hapana mkataba ulioandikwa, lakini mkataba upo, na mlinzi wake ni uso wa mtu. Ni vigumu kumdhulumu mtu ambaye anakutazama machoni na ambaye kesho mtakutana kisimani.

Sasa tuirudie filamu, tuone imebadilisha nini. Filamu humchukua mchezaji na kumpeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo. Mzee wa Tanga akachekesha watu Mvumi, ndani ya banda la video lililoezekwa kwa mabati, naye hakufika Mvumi wala hakujua kwamba siku ile alichekwa. Mwenye banda alipokea kiingilio. Aliyeleta kanda alipokea bei yake. Yule aliyerudufu kanda kwa siri pia alipata chake. Wote hao walikuwapo, wakaonana, wakalipana. Aliyekosekana ni mmoja tu, naye ndiye aliyefanya kazi. Hapo methali ya pili yaja kupigana na ile ya kwanza: asiyekuwapo na lake halipo. Filamu imemfanya mcheza awe mgeni wa kudumu katika uwanja ambao zamani ulikuwa wake, na desturi iliyomlinda kwa nguvu ya uso haina uwezo tena wa kumlinda.

Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka lieleweke. Watu wa leo hawakuzaliwa wabaya kuliko babu zao. Mwanafunzi anayehamisha filamu kutoka simu moja hadi nyingine hajioni kuwa mwizi, na pengine hangeweza kumnyang'anya mzee yule kofia kama angekutana naye njiani. Kilichotokea ni kwamba chombo kimebadilika, na maadili yetu hayajabadilika pamoja nacho. Pale uso ulipoondoka hapana budi kitu kingine kishike mahali pake. Na kitu hicho ni sheria, pamoja na dhamiri iliyofunzwa kumwona mtu asiyeonekana.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema kwamba kipaji ni cha Mwenyezi Mungu, na kilichotolewa bure hakifai kuuzwa. Tunamjibu kwamba hata nguvu za mikono ya mkulima zilitoka huko huko, na bado hakuna anayechukua gunia la mtama bila kulilipia. Aliyejaliwa kuchekesha alitumia miaka mingi kujifunza ni wakati gani anyamaze na ni wakati gani aseme. Kipaji ni mbegu, na mbegu hailiwi mpaka mtu ailime.

Wa pili atasema kwamba sanaa ni mali ya jamii nzima. Kwamba pale Mvumi hakuna anayeudai wimbo kuwa wake. Neno hili lina uzito, nasi hatulikatai. Vichekesho vya mzee wetu navyo vilitokana na watu: lafudhi ya Tanga, hadithi za vibarazani, masihara ya watani. Lakini mali ya jamii maana yake ni kwamba jamii nzima inaitunza na jamii nzima inafaidi. Ikiwa wachache wanapata fedha kutokana na kazi hiyo, na aliyeifanya anabaki mikono mitupu, basi jina la jamii limetumiwa kama shuka la kufunikia unyonyaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kumtambua mnyonyaji kwa alama moja: anaishi kwa jasho la mwenzake. Alama hiyo haikufutika kwa sababu jasho lenyewe limemwagika mbele ya kamera badala ya shambani.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja ngumu zaidi, atasema kwamba msanii alikubali mwenyewe. Alipewa karatasi, akatia sahihi, akapokea alichopewa. Je, mtu mzima si mwenye hiari? Tunakubali kwamba ahadi ni deni na kwamba sahihi ina maana. Lakini hiari inahitaji macho. Mtu aliyeandikiwa mkataba kwa lugha asiyoielewa vizuri, bila mwanasheria, huku nyumbani anasubiriwa na watoto wenye njaa, amekubali kwa namna ambayo mwenye njaa hukubali bei ya mlanguzi. Bei hiyo ni ya halali sokoni, lakini haijawa ya haki kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, habari za mikataba yake zilizungumzwa hadharani, na Waziri wa wakati ule mwenye dhamana ya utamaduni, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuiangalia mikataba ya wasanii. Mwaka huo huo mzee alipelekwa India kwa matibabu. Watu wengi walisikitika kwa moyo wa kweli. Lakini swali linabaki kwa nini mtu aliyejulikana nchi nzima ahitaji kusikitikiwa.

Hapo tunafika kwenye tofauti iliyo kati ya kuomba na kudai. Watu wa Ugogo wana sababu ya kuijua tofauti hiyo kuliko wengi. Wamepitia njaa nyingi, na mojawapo, ile waliyoiita Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza na baada yake, iliwaua na kuwatawanya watu wengi. Kwa sababu ya ukame baadhi yao wamelazimika kwenda mijini kuomba, na watu wa mijini wakafanya jambo hilo kuwa masihara, kana kwamba kuomba ni kabila. Lakini Mgogo mwenye ng'ombe aliyemkopesha jirani yake dume haombi dume lake arudishiwe. Analidai, tena kwa sauti ya utulivu, kwa kuwa ni lake. Anayeomba hutegemea huruma ya mwingine, na huruma huja siku moja na kukosa siku ya pili. Anayedai hutegemea haki. Tunapomwacha msanii afanye kazi miaka 60 kisha tukamchangia alipougua, tumegeuza dai lake kuwa ombi. Tumempa kwa mkono wa sadaka kile ambacho tulipaswa kumpa kwa mkono wa malipo, na juu ya hayo tukatarajia atushukuru.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Kenya, Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang, aliwachekesha watazamaji wa televisheni kwa miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi, na alifariki mwezi Julai 2015. Na huko nako watu waliuliza maswali haya haya. Marekani, Charles Chaplin, aliyemwigiza mzururaji maskini mwenye viatu vikubwa, alielewa mapema hatari ya kuwa mchekeshaji asiyemiliki kicheko chake. Mwaka 1919 yeye na wenzake watatu waliunda kampuni yao, United Artists, ili wasambaze filamu zao wenyewe. Mwenzake Buster Keaton, ambaye kwa ustadi hakuwa nyuma yake, aliiacha studio yake mwaka 1928 akaingia chini ya kampuni kubwa, na hapo uhuru wake wa kutunga ukapungua hadi ukaisha. Watu wawili wenye kipaji kikubwa walitofautiana kwa jambo moja, nalo ni nani aliyeshika funguo za ghala.

Katika nchi yetu wapo waliojaribu njia hiyo. Steven Kanumba, aliyezaliwa mwaka 1984 na kufariki tarehe 7 Aprili 2012, aliigiza, akaongoza, na akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya filamu. Maelfu ya watu walijitokeza kumzika. Na kutoka Ugogo kwenyewe alitoka Hukwe Zawose, fundi wa zeze na marimba, ambaye Taifa lilimwita katika miaka ya 1960 akawa katika kikundi cha ngoma cha Taifa, kisha akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo hadi dunia ikamjua. Njia hizo mbili hazifanani: mmoja alijitegemea, mwingine aliajiriwa na umma. Lakini katika zote mbili msanii alikuwa na mahali pa kusimama anapodai.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Haki Miliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kanda na santuri za muziki na filamu ili nakala za wizi zitambulike. Lakini sheria ni kama ua: huzuia mbuzi, haimzuii mtu aliyeamua kuruka. Na siku hizi filamu haihitaji kanda wala santuri. Husafiri kwa simu, bila stempu, bila uso. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imebaki kwa dhamiri, na dhamiri hufunzwa nyumbani na shuleni.

Ndiyo maana insha hii tunaielekeza kwa walimu na wanafunzi. Mwalimu anapoifundisha methali ya mcheza kwao, na aifundishe pamoja na ile ya asiyekuwapo, awaulize vijana wake ni ipi kati ya hizo mbili inayotawala leo, na kwa nini. Na mwanafunzi anayetaka kuwa mwigizaji, mpiga picha au mtunzi, ajifunze kusoma mkataba kama anavyojifunza kukariri maneno ya mchezo. Asione aibu kuuliza, kwa kuwa aibu hiyo ndiyo mtaji wa wanaomwonea. Naye anayetaka kutazama tu, ajue kwamba kicheko alichokipata jana kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana nyumba, ana watoto, na hula.

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliiundia nchi wizara ya utamaduni, akieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Tukikubali kwamba roho hiyo ipo, tukubali pia kwamba haitembei hewani. Hukaa ndani ya watu, na watu hao huumwa, huzeeka na hudai kodi ya nyumba. Deni la kicheko hulipwa kwa fedha halali, kwa mkataba unaoeleweka, na kwa heshima anayopewa mtu angali hai. Machozi ya mazishini ni haki ya marehemu na faraja ya ndugu zake. Lakini hayahesabiwi katika malipo.